Pengo Kwenye Sarafu ya Ushindi

Nikisimulia polepole, mnivumilie. Nimechoka, na uchovu wa siku hizi siuelewi. Siku mambo haya yalipoanza nilikuwa na uchovu wangu wa kawaida tu, wa mwalimu mwenye wanafunzi sitini na wawili na madaftari yao yote kwenye mfuko mmoja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikwenda kwa dada yangu kusahihisha, kwa sababu kwake kuna meza kubwa, na chai unawekewa bila kuulizwa.

Mume wa dada alikuwa fundi wa meno bandia. Kwa miaka thelathini na moja alichonga meno ya watu katika chumba kidogo nyuma ya jiko, mpaka mtaa mzima ukamwita Gego, na yeye akaitika. Mimi namwita shemeji. Wakati huo alikuwa na miezi mitatu tangu astaafu, maana kliniki iliyokuwa ikimpa kazi ilinunua mashine. Akabaki na rafu imejaa vinywa vya plasta, na mikono isiyojua pa kukaa.

"Mwalimu, njoo na wewe ufundishwe leo," aliniita.

"Shemeji, niache. Haya madaftari yatanizika."

"Njoo bwana, dakika mbili."

Dakika mbili za shemeji nazijua. Nikaenda. Alikuwa amevuta ile droo yake ya sarafu za Kirumi, zimepangwa kwenye kitambaa kila moja na kishimo chake. Wengine hukusanya sarafu za kila aina. Yeye alikusanya za ushindi wa vita peke yake. Warumi wakishateka nchi ya watu, alinieleza, waliichonga habari hiyo kwenye pesa, ili hata muuza mboga sokoni ajue nani kapigwa. Upande mmoja kichwa cha mfalme. Upande wa pili nchi iliyotekwa. Moja ilikuwa na mamba, kumaanisha nchi yenye mamba sasa ni yetu. Nyingine ilikuwa na nguzo iliyovikwa kofia za chuma na ngao za walioshindwa, na chini yake mtu amefungwa mikono.

"Hilo ndilo gazeti lao," alisema. "Sasa tazama hii mpya."

Ilikuwa ya shaba, nzito, kubwa kuliko kidole gumba. Nguzo ileile, na chini yake mwanamke amekaa ardhini, mikono nyuma, kichwa kimeinama. Nguo yake ilionekana mikunjo yote. Hata kamba ilionekana. Uso tu ndio haukuwepo. Palikuwa laini kabisa, kama jiwe la kuogea.

Ilikuwa ya mzee mmoja mkusanyaji waliyekuwa wakiandikiana barua, ambaye alifariki, na jamaa zake wakamtumia shemeji kwa posta. Ndani ya kifurushi mlikuwa na kikaratasi cha marehemu, mwandiko umelala upande kama wa mtu aliyeandikia gizani: *Uso hauna. Uache hivyohivyo.*

"Kwani ungeufanyaje?" nikamuuliza.

Shemeji akacheka. Sheria ya kwanza ya wakusanyaji, alisema, ni kutoigusa sarafu. Husugui, hung'arishi, hutengenezi. Miaka ishirini alikuwa hajaivunja. Lakini macho yake yalikuwa palepale, kwenye lile pengo. Na mimi namjua mtu huyu. Siku ya harusi yangu badala ya kunitazama mimi bibi harusi alikuwa akilitazama jino la mshenga. Chanuo likivunjika jino, analitengenezea jingine. Pengo, kwa Gego, halikaliki.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta na lenzi jichoni. Alikuwa amekanda ile dawa ya kijivu ya kuzibia meno, ambayo ikiwa mbichi unaichonga utakavyo na ikishakauka inakuwa chuma. Mbele yake, kwenye kigoda karibu na mlango, dada alikuwa akichambua maharage.

"Usitikisike, mke wangu. Inamisha kichwa kidogo."

"Nimeshainamisha. Shingo inauma. Kwa nini usichonge uso wa mama yako?"

Tukacheka wote watatu. Namkumbuka dada alivyocheka, sinia likatikisika mapajani na maharage yakamwagika. Sijamsikia akicheka vile tena.

Wiki mbili baadaye dada aliacha kuniwekea chai. Nilidhani amenikasirikia. Kumbe alikuwa barazani, amekaa sakafuni, mgongo kwenye nguzo, mikono ameiweka nyuma. Kichwa kimeinama.

"Dada, unaumwa?"

"Nimechoka tu, mdogo wangu."

Alichoka siku hiyo na kesho yake na keshokutwa. Ikifika saa kumi alasiri anaacha alichoshika, hata kama ni sufuria motoni, anakwenda kukaa pale. Daktari akapima damu, akapima mkojo, akasema apumzike. Apumzike vipi tena? Alikuwa anapumzika mpaka tunaogopa. Kisha nikamwogesha, nikaona mikono yake. Kuzunguka kila kifundo cha mkono palikuwa na alama nyekundu, zimesokotana, za kamba.

Nilimgeukia shemeji kwa hasira, Mungu anisamehe. Nikamuuliza anamfunga dada yangu na nini. Mzee mzima akalia mbele yangu.

Siku moja nilikaa na dada chini. Nilitaka tu awe na mtu. Saa kumi na robo akaninong'oneza, midomo haichezi sawasawa.

"Wananipita."

"Nani?"

"Wengi. Viatu vyao vina misumari. Wanaimba. Hakuna anayenitazama, mdogo wangu. Nimetembea sana."

Nikasikiliza. Baraza lilikuwa kimya. Jirani alikuwa anaanika nguo. Nyayo za dada, alizokuwa amezikunja chini yake, zilikuwa zimepasuka na kujaa vumbi jeupe. Uani kwao ni saruji tupu.

Nikaingia chumbani kwa shemeji bila kubisha. Nikavuta droo, nikaitia sarafu chini ya lenzi. Alikuwa dada. Fundi alikuwa fundi kweli, hata kile kidoa cha juu ya nyusi alikiweka. Lakini macho yalikuwa yamefumbwa.

"Niliyachonga wazi," shemeji alisema nyuma yangu. "Naapa, mwalimu. Niliyachonga wazi."

"Ufute! Futa sasa hivi!"

Akachukua kile kichongeo chake chembamba. Akagusa sikio tu, akakwangua kidogo, unga wa kijivu ukadondoka. Barazani dada akapiga ukelele. Nilipomfikia alikuwa ameshika sikio, na damu inapita katikati ya vidole.

Hatukujaribu tena.

Shemeji alikaa siku tatu hali chakula. Siku ya nne akaniita akanieleza, kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mgonjwa kuhusu jino lake. Kuchonga huwezi. Ila unaweza kujaza juu. Uso ukifunikwa na uso mwingine, wa chini hauumii. Alikuwa ameshakanda dawa. Mbele yake alikuwa amesimamisha kioo chake cha kunyolea.

"Shemeji, usifanye hivyo."

"Sasa nifanyeje, nichonge wako?" Akajaribu kutabasamu. "Mimi ndiye niliyeambiwa niache nikakataa. Nenda kakae na mwenzako."

Nikakaa na dada. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja kasorobo dada akainua kichwa, akaitazama mikono yake, akauliza kwa nini nimemkalisha sakafuni. Nikamkumbatia nikalia kwa sauti. Nilipofumbua macho shemeji alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Halafu akaja polepole, akakaa pale pale alipokuwa dada, akaweka mikono nyuma.

"Nimechoka kidogo tu," alisema.

Miezi saba alikaa. Dada alimlisha, alimwogesha, alimpaka mafuta vifundoni. Mara ya kwanza nilipomwambia tuitupe ile sarafu mtoni, alinitazama mpaka nikaona aibu.

"Nimtupe mume wangu mtoni?"

Sikusema tena. Nilizidi kwenda kila Jumamosi na madaftari yangu, ili asiwe peke yake. Naye akaanza kunihamishia chumbani kwa shemeji, eti mwanga ni mzuri. Alikaa upande wa pili wa meza na kazi fulani ya mkono, ameifunika kwa mtandio. Nilidhani ni kushona. Miaka thelathini na moja alikuwa mkono wa kulia wa Gego. Alimkandia dawa, alimpozea nta, alimalizia meno ya mbele yeye mwenyewe macho ya mumewe yalipochoka. Nilijua yote hayo. Sikuyaweka pamoja.

"Hebu geuka kidogo, mdogo wangu," alikuwa akisema. "Mwanga ukupate."

Na mimi nageuka. Nilifurahi, nisiwadanganye. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile, polepole, kwa mapenzi, kipande kwa kipande.

Jumamosi iliyopita shemeji aliinuka. Niko mezani nasahihisha, nikasikia nyayo barazani, nikatoka nikamkuta amesimama anajinyoosha mgongo. "Mwalimu," akasema, "hivi nyumba hii chai imekwisha?" Nilipiga vigelegele. Nikaruka kama mtoto. Majirani wakaja, wakamshukuru Mungu, wakamshika mikono.

Dada hakupiga vigelegele. Alinikumbatia, akanishikilia, hakuniachia. "Nisamehe, mdogo wangu," aliniambia sikioni. Nikamwambia samahani ya nini, kuuguza ni kazi, sote tumechoka. Alipoachia nikaona kucha zake. Chini ya kila ukucha palikuwa na kijivu.

Jumapili nililala mchana kutwa. Jumatatu saa kumi nilikuwa kwenye chumba cha walimu, na ghafla kiti kikanichosha. Nikakaa sakafuni. Mwalimu mwenzangu akacheka, akaniuliza kama ninatafuta senti. Sakafu ilikuwa baridi, ikanipendeza. Mikono yangu ilikwenda nyuma yenyewe. Nikasikia viatu. Kwanza mbali.

Jumatano nikakuta kifurushi mlangoni kwangu. Ndani yake kulikuwa na sarafu, kichongeo chembamba, na bonge la dawa ya kuzibia meno limefungwa kwenye plastiki, bado bichi. Dada hakuandika neno. Hakuhitaji kuandika. Alikuwa ananipa njia, ileile aliyoitumia yeye. Sikuhitaji lenzi kujua ni nani aliyekaa pale chini ya nguzo, lakini niliiweka lenzi. Hata kovu la kidevuni alilikumbuka. Tulilipata pamoja, tukigombania ndoo, nikiwa na miaka sita.

Nilikasirika, msidhani sikukasirika. Nililia, nikamwita majina ambayo hayaandikiki. Kisha Alhamisi asubuhi nikasimama mbele ya darasa, wakanitazama wote sitini na wawili, wameinua nyuso wanasubiri niseme. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule mtundu wa nyuma ambaye amenitesa mwaka mzima. Nikamtazama huyo muda mrefu kuliko wote. Kile kichongeo kilikuwa kwenye mkoba wangu. Alikuwa na pengo mbele, jino jipya linachungulia.

Nikawaambia wafungue ukurasa wa arobaini.

Lile bonge nimeliacha juani limekauka, limekuwa chuma, halifai kitu. Kichongeo nimekitumbukiza chooni. Na nimefahamu jambo ambalo shemeji hakulifahamu siku ile anacheka. Uso wa sarafu ile haukukwanguliwa na mtu. Ulikuwa wa yule mzee mkusanyaji. Alikaa na uchovu wake, hakumpa mwingine, na siku alipofariki pakawa laini.

Basi nimeifunga sarafu kwenye kifurushi chake. Nimechukua kikaratasi, nikaandika juu yake kama inavyotakiwa: *Uso hauna. Uache hivyohivyo.* Bado upo, lakini atakayekisoma hataukuta. Miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto kuandika herufi zilizosimama wima. Nimeyasoma maneno yangu mara tatu. Herufi zote zimelala upande.

Imebaki dakika tano saa kumi itimie. Nimeshakaa.