Mstari wa Rangi ya Kucha

Kwenye duka la vipuri watu walibanana siku hiyo, kila mmoja ananyoosha mkono na kutaja chake. Kijana mmoja mrefu, ovaroli ya buluu, alikuwa amepakata mota kama mtoto aliyelala.

"Unambembeleza, hanyamazi?" akauliza dada mmoja nyuma yake. Gauni lake lilikuwa safi, kucha nyekundu, ila grisi imemganda kiwikoni.

"Tangu nimsafishe hanitambui, dada yangu. Nikimwasha anakurupuka."

"Ulitia alama kabla ya kufungua enkoda?"

"Alama gani?"

Dada akacheka mpaka muuzaji akageuka. "Haya, nifuate."

Kumbe ndiye fundi wa mota wa mtaa ule. Ndani ya enkoda, kile kifaa kinachofungwa nyuma ya mota, kuna kisahani cha kioo chenye mistari myembamba kuliko unywele. Taa humulika, jicho la upande wa pili huhesabu mistari, ndipo mota hujua imefika wapi. Enkoda ikihama kidogo tu, mota hupotea. Fundi akaipa mota umeme mdogo, mhimili ukajikaza mahali pamoja. Akazungusha enkoda taratibu, pumzi ameibana, mpaka taa ya sifuri, inayoonyesha imekaa sawa, ikawaka. Akakaza skrubu. Kisha akachora mstari mmoja wa rangi ya kucha, kutoka kwenye enkoda hadi mwili wa mota.

"Mstari huu ukikatika, ujue mtu amegusa."

Kijana yule, ambaye kiwandani walimwita Mrefu, alirudi kesho yake bila mota.

Basi mapenzi yakashika. Simu saa ya chakula, simu saa ya kutoka kazini.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri wewe unipikie."

"Utakufa njaa. Mimi najua kupika mota tu."

Mwezi wa nne wa mapenzi hayo, mashine ya kufunga maboksi yenye mota ile ikakurupuka, ikamkata vidole viwili baba mdogo wake Mrefu, aliyemlea na kumtafutia kazi ile. Meneja akauliza nani alitengeneza mota. Watu wakasema, yule fundi wa kike. Mrefu alikuwepo. Akatazama viatu vyake.

Wateja wakaanza kupita mlangoni kwa fundi kama hawauoni. Mota ikaletwa kwake ajieleze. Akaiinua karibu na dirisha. Mstari ulikuwa umekatika, kipande kimoja kimehama upana wa punje ya mchele. Angeweza kwenda kwa meneja saa ile ile. Akapiga simu.

"Mpenzi, mota ninayo hapa."

Akasikia Mrefu akifunga mlango upande wa pili.

"Nimeuona mstari."

"Mafuta yalikuwa yanaingia kwenye enkoda, nikaifungua," Mrefu akasema. "Nikataka nikuonyeshe na mimi najua. Nikairudisha kwa macho tu. Baba mdogo ananishukuru nikimlisha uji. Nitamwambiaje?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mimi sitasema. Nakusubiri wewe."

Akasubiri wiki tatu. Kila akipiga simu, jibu ni kesho. Siku ya ishirini na mbili Mrefu akasimama mbele ya meneja na baba mdogo, akasema yote. Akaachishwa kazi hapo hapo. Baba mdogo alilia, wala si kwa ajili ya vidole.

Jioni hiyo Mrefu akaja kwa fundi, shati jeupe limepigwa pasi.

"Nimesema. Jina lako limerudi. Sasa nataka nikuoe."

Fundi akaweka bisibisi mezani. "Wateja waliponikimbia, mama aliniuliza kila siku, mwenzio anasemaje? Nikamwambia umesafiri. Mama yangu, Mrefu. Sijawahi kumdanganya maishani."

"Nisamehe, mpenzi."

"Nilikusamehe siku ile ile ya simu. Kukuamini ndiko ninakojaribu kila asubuhi, sioni pa kuanzia."

"Nisubiri, basi."

"Nilishakusubiri."

Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamnyooshea kola ya shati, mkono ukakawia pale shingoni. Halafu akautoa. Mrefu akaondoka hageuki, na fundi akamtazama mpaka alipokata kona.

Bado amesimama, mzee mmoja akafika na mota begani, wa kwanza tangu mwezi ule.

"Fundi, unapokea kazi?"

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Napokea, mzee wangu. Iweke hapo juu."