Yurub na Ukali wa Bi. Nekesa

Soko Mugdi, hapa Garissa, saa nne asubuhi ni vurugu tupu. Mikokoteni inakusukuma huku, wauza vitambaa wanakuita kule, na harufu ya uvumba inakuingia mpaka ndani ya nguo. Yurub alikuwa ameinamia mitandio, anapekua, aliposikia sauti ya mwanamume kwenye meza ya chai nyuma yake ikisimulia mkutano wa jana.

"Yule mama akawakaripia wazee kama watoto wa madrasa," sauti ilisema. "Wallahi, hata salamu hakutoa."

Watu wakacheka. Yurub akauacha mtandio, akageuka.

"Alitoa salamu," akasema. "Tena kwa Kisomali. Nilikuwepo."

Msemaji alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Akamtazama Yurub kuanzia hijabu yake ya kijani mpaka viatu vyenye vumbi. "Walaal, dada yangu, ulikaa wapi ukasikia vizuri hivyo?"

"Sikukaa. Nilisimama kando yake. Mimi ndiye ninayemtafsiria."

Kijana akaweka kikombe chini, akatabasamu polepole, tabasamu la mtu aliyekamatwa na wala hajutii. "Basi tumekutana. Naitwa Salah. Mimi namtafsiria Mheshimiwa Tirop."

Hapo ndipo mambo yalipoanza, msije mkasema sikuwaambia.

Uchaguzi wa rais ulikuwa umebakiza miezi miwili. Wagombea walikuwa wakiteremka kutoka Nairobi na Kiswahili chao, na huku kwetu mzee anataka jambo alisikie kwa Kisomali ndipo alipime. Kwa hiyo kila mgombea alikuwa na mtu wake wa kusimama kando, kipaza sauti mkononi, ageuze sentensi baada ya sentensi. Bi. Nekesa alikuwa wakili mwenye sauti nzito, hapendi kuzungushazungusha. Tirop alikuwa tajiri mpole anayetamka kila neno kana kwamba linaweza kuvunjika. Wote wawili waliwaahidi watu mambo yale yale: visima, barabara, na kuchunguza malori ya chakula cha msaada yanayopotelea njiani.

Salah alipata namba ya Yurub kabla ya adhuhuri. Sijui aliipata kwa nani, na Yurub hakuuliza. Kila alasiri simu ikawa inalia.

"Mpinzani wangu umekula?"

"Nimekula. Na wewe, bosi wako amekwisha kujifunza kusema 'asalaam aleikum'?"

"Anajifunza. Jana aliwasalimia ngamia."

Yurub alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa amewahi kuingoja simu ya mtu. Sasa aliingoja. Alikuwa akinywa chai huku anaitazama, anaoga akiwa ameiweka dirishani. Siku moja Salah akamwambia siri ya kazi yake.

"Mheshimiwa akisema 'tutaunda kamati ya kuchunguza malori', mimi nasema 'wezi watalala ndani!' Wazee wanapiga makofi, yeye anapunga mkono, hajui kitu."

"Salah, una dhambi."

"Wazee wanataka dume, macaan, mtamu wangu. Nifanyeje?"

Yurub alicheka mpaka machozi yakamtoka. Ni baada ya kukata simu ndipo kicheko kilipomkauka. Kwani Bi. Nekesa alikuwa akisema maneno hayo hayo kwa kinywa chake mwenyewe, watalala ndani, na Yurub aliyatafsiri kama yalivyo. Na wazee walisemaje? Walisema huyu mwanamke ana hasira ya nini. Mmoja aliuliza kama ana mume. Mwingine alisema labda yale ni kweli, lakini nani atamzoea mtu asiyetabasamu kwa miaka mitano.

Kesho yake walikuwa Eldas. Bi. Nekesa akasema, "Walioiba malori watalala ndani, hata wakiwa ndugu zangu." Yurub akashusha pumzi, akalainisha sauti, akawaambia watu kwa Kisomali, "Mama yenu anahuzunika kwa ajili ya malori, na ataketi na wahusika kama mzazi." Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hata yule aliyeuliza habari za mume, aliyefuata msafara, akatabasamu. Ah, ilikuwa tamu! Yurub akarudia hivyo Griftu na kila walikokwenda, na Bi. Nekesa, aliyekuwa hajui Kisomali zaidi ya salamu, akawa anashangaa jinsi anavyopendwa.

Salah naye aliiona video ya mkutano mmoja mtandaoni. "Siku hizi ukimtafsiria yule mama, hata mimi nampenda," alimwambia. "Sauti yako imekuwa laini, roho yangu. Ndiyo sauti ninayotaka niisikie nyumbani kwangu."

Yurub aliyaweka maneno hayo moyoni siku nzima. Na bado kitu kilimkera, mfano wa mchanga kwenye kiatu.

Wiki iliyofuata akajua ni nini. Salah alipiga simu, safari hii bila mzaha.

"Hooyo ameiona ile video," alisema. Mama yake, Faduma, alikuwa mwanamke wa kuheshimiwa Garissa nzima. "Hana neno na wewe. Anasema binti ni mzuri, ila kusimama na kipaza sauti mbele ya wanaume wote wale... Yurub, shuka jukwaani. Fanya kazi ya ofisini tu. Ukikubali, Ijumaa wazee wetu wanakwenda kwa baba yako kukuposa."

Ijumaa! Alitaka kusema ndiyo kabla hajapumua.

"Na wewe utashuka?" akauliza.

"Mimi? Hii ni kazi yangu."

"Na mimi?"

"Wewe ni tofauti. Yurub, usiwe mkali hivyo."

Yurub akakata simu. Hakuipokea tena, siku hiyo wala zilizofuata. Msidhani alikuwa amemchoka. Jamani, alimtamani mpaka chakula kikamshinda. Gari la kampeni lilipopita barabara ndefu ya kwenda Wajir, aliegemea dirisha na kuiona sura ya Salah katika kila kijana mrefu aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya njia. Simu ilitetemeka mapajani, jina lake likawaka, likazimika. Yurub alikuwa akiligusa jina lile kwa kidole baada ya kioo kuwa cheusi. Alikuwa na hamu naye. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Siku ya soko la mifugo, wakarudi Griftu. Wazee walikuwa wamepanga wagombea wawili watumie jukwaa moja, mmoja baada ya mwingine, ndipo wao watoe kauli yao ya nani watamuunga mkono. Salah alikuwepo tayari, amesimama nyuma ya Tirop, amekonda. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu na Yurub akalazimika kutazama chini.

Tirop alitaja kamati yake. Salah akanguruma, wezi watalala ndani, na soko zima likapiga miluzi.

Zamu ya Bi. Nekesa ilipofika, kabla hajafungua kinywa, alisimama Mzee Warfa, msemaji wa wazee, mtu anayekijua Kiswahili vizuri.

"Mama, tunakushukuru," alisema. "Mpwa wangu ni mmoja wa wale madereva wa malori. Siku ile sikuwepo, lakini wenzangu waliponisimulia kwamba uliahidi hapa hapa kuketi naye kama mzazi, usimfunge, tulisema mwanamke huyu ana moyo. Msamaha huo ndio uliotuleta kwako."

Bi. Nekesa akamgeukia Yurub taratibu. "Msamaha gani?"

Yurub akahisi jua lote la Griftu limemkalia kichwani. "Nilipunguza, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Walikuwa wanasema wewe ni mkali. Nilitaka wakupende."

"Ulinionea aibu?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kama angepigwa kofi.

"Basi waambie," Bi. Nekesa akasema. "Kama nilivyosema. Na useme ni wewe uliyebadilisha, maana mimi siwezi kubeba ahadi nisiyoitoa."

Yurub akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akawaambia watu wa Griftu kwamba aliwadanganya. Akawaambia kila aliyeiba malori atalala ndani, awe ndugu, awe mpwa, na hakuilainisha sauti hata chembe. Hakuna aliyepiga mluzi. Minong'ono ikapanda, watu wakaanza kuondoka na mbuzi wao, na Mzee Warfa akasema kwa uchungu, "Saa moja iliyopita tumesikia maneno haya kutoka kwa mwanamume, tukafurahi. Kutoka kwenu yanaumiza. Sijui kwa nini." Akaketi, na hiyo ikawa kauli ya wazee.

Salah alimfuata mpaka kwenye gari.

"Maneno uliyopigiwa makofi ni ya Bi. Nekesa," Yurub alimwambia. Alikuwa analia na hakujificha. "Bosi wako hajawahi kuyasema. Mimi nimenyamaziwa."

"Nimeona."

"Unampenda yule wa sauti laini. Yule nilimtunga, Salah. Hayupo."

Salah akaushika mlango wa gari. "Nilipokuwa nakupigia na hupokei," alisema, "sikuwa nakumbuka sauti laini. Nilikuwa nakumbuka ulivyonigeukia pale sokoni ukaniambia nimesema uongo." Alitaka kuendelea, lakini dereva wa Tirop alikuwa anapiga honi, na wa Nekesa naye amewasha injini. Wakaachana hivyo, bila ahadi, na Yurub akageuka nyuma kumtazama mpaka vumbi likamfunika.

Siku tisa zikapita bila neno. Ijumaa ikamkuta Liboi, mpakani, askari wakipekua magari yao na mafundi wakifunga spika. Simu ikalia. Alikuwa baba yake, kutoka Garissa.

"Kuna wazee wanne sebuleni kwangu," alisema. "Wa akina Salah. Wamekuja kukuomba."

Yurub akakaa kwenye ngazi ya jukwaa.

"Wanauliza kama utaacha jukwaa," baba akaendelea. "Yaani anauliza adeer yake mkubwa, ndugu wa baba yake. Kijana alikuwa amewasihi wasiulize."

"Na mama yake anasemaje, aabo?"

"Amekataa kuja, na hakuwazuia. Niwajibu nini?"

Juu yake Bi. Nekesa alikuwa amesimama tayari, anamsubiri bila kumharakisha. Yurub akafumba macho. Alimtaka yule mwanamume kwa mwili na roho, na aliogopa kuliko alivyoogopa Griftu.

"Waambie siachi," alisema. "Wakibaki wameketi, waambie ndiyo."

Akamsikia baba akiondoka na simu mkononi, sauti yake kwa mbali, kisha kimya, kisha kiti kikikwaruza sakafu. Mlango ukafungwa. Yurub alikuwa ameishika simu kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

"Aabo?"

"Adeer ameondoka," baba akasema. "Watatu wameketi."

"Basi waambie," akasema Yurub, akapanda jukwaani.