Vumbi Jeupe Ngazini

Kila asubuhi kabla ya shule, Priska alifagia ngazi za mawe zilizoshuka kutoka mlangoni hadi jikoni, kisha akamshika mkono bibi yake na kumteremsha. Bibi Eliwaza alikuwa haoni vizuri, na pale kijijini kwao Mhezi, milimani, mtu akiteleza hatui uwanjani, anatua kwenye migomba ya jirani huko bondeni.

Priska alipochaguliwa kwenda shule ya bweni, baba yake, Sifael, alikuna kichwa. "Sasa bibi yako atashikwa na nani? Tumfungie bomba la kushikia ukutani, kando ya ngazi. Twende tukanunue drili."

Dukani huko Same mjini, mama muuzaji aliwawekea mezani drili mbili za betri. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ndani ya kisanduku chekundu chenye vyuma vya kutobolea vya kila ukubwa. Ya pili ilikuwa nzito, imefungwa kwenye boksi la karatasi tu. Simu ya baba ikaita, akatoka nje.

"Mnakwenda kutoboa nini, mwanangu?" muuzaji aliuliza.

"Ukuta wa mawe, mama."

"Basi achaneni na hiyo ndogo, hiyo ni ya mbao. Mawe yanataka hii nzito, inazunguka huku inagonga. Mwambie baba." Akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Priska hakuacha kukitazama kisanduku chekundu. Kingefaa sana kuwekea kalamu zake bwenini, na kabla ya kutoka baba alikuwa amekwisha kumwahidi kuwa wakinunua ile ndogo, kisanduku ni chake.

"Amesemaje?" baba aliuliza aliporudi.

"Amesema hii ndogo inatosha, baba. Si kazi za mara mojamoja tu?"

Nyumbani, drili iliingia kwenye lipu ya ukuta bila shida, halafu ikagoma ilipofika kwenye jiwe. Baba akadhani kina kinatosha. Akakaza skrubu, akalitikisa bomba, likatulia. Bibi akalipapasa na kuwabariki wote wawili. Priska alitazama pembeni.

Kesho yake, alipokuwa akifagia, aliona vumbi jeupe chini ya skrubu ya kwanza. Lilikuwa la lipu. Akalifagia. Asubuhi iliyofuata lilikuwa limeongezeka, na chini ya skrubu ya pili pia. Akalifagia upesi kabla baba hajatoka. Alipolishika bomba, likatoa mlio mdogo, kwii, akaliachia haraka. Usiseme kitu, alijiambia, ukisema kisanduku kitarudi dukani.

Jumapili, wingu zito lilishuka kutoka mlima Shengena likafunika migomba yote. Mvua ilinyesha, ngazi zikang'aa kwa utelezi. Priska alikuwa jikoni akichochea moto aliposikia mlango wa juu ukifunguliwa.

"Usihangaike, mjukuu wangu," bibi aliita. "Siku hizi nina bomba langu!"

Kisha ukaja ule mlio. Kwii.

"Bibi, usilishike!" Priska alipiga kelele huku akipanda mbio. Bomba liling'oka na kipande cha lipu, bibi akayumba upande wa bonde. Priska alimkumbatia kiunoni, wote wawili wakaketi kwa kishindo kwenye ngazi. Chini, bomba liligongagonga mawe mpaka likanyamaza.

Baba alikuja mbio. Priska akamwambia, "Baba, muuzaji alisema ndogo haifai. Nilitaka kisanduku. Na vumbi nililifagia mimi."

Baba alishuka hadi chini. Aliokota bomba, akaliweka mlangoni. Jumatatu alirudi Same na drili ndogo pamoja na kisanduku chake, akaongeza hela, akaja na ile nzito. Safari hii ukuta ulinguruma, na vumbi lililotoka lilikuwa la kijivu, vumbi la jiwe. Baba akaning'inia kwenye bomba kwa uzito wake wote, lisitikisike.

Priska akachukua ufagio. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Acha kwanza baba yako alione hilo vumbi," alisema. "Drili huchaguliwa kwa ukuta wako, si kwa sanduku lake. Lakini kukosea kuchagua ningekusamehe siku ileile. Lililotaka kuniua mimi ni lile vumbi ulilokuwa ukilifagia."

Priska aliuweka ufagio chini. Bibi akashika bomba kwa mkono mmoja, akashuka peke yake hadi jikoni.