Nitakupitia Ijumaa

Mambo kama haya watu husema yalimpata jirani, au binamu wa mtu fulani huko mjini Katy. Mimi sina jirani wa kumsingizia. Gari ni letu, na aliyelitamka lile neno ni mimi.

Ilikuwa Jumanne ya Julai, alasiri ya kawaida tu. Nilikuwa nimetoka kazini, nikapita Haltom City kuwachukua watoto kwa Mama Siméon. Jina lake lilikuwa Scholastique, lakini nilimwita kwa jina la mwanawe, naye aliniita Mama Brandon. Walitoka Kongo ya mashariki, wakakaa kambini miaka kumi na mitatu, kisha wakaletwa Texas. Siméon alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Mama yake alikaa na wanangu, Brandon na Chebet, shule zikifungwa. Aliwapikia sombe, yale majani ya muhogo, na ugali mpaka wakawa hawataki tena chakula changu.

Nilivua viatu, nikakaa, nikatoa simu nimwonyeshe tunakokwenda. Safari hiyo nilikuwa nimeipanga kwa miezi mitatu. Siku tatu Sotol Wells, mji mdogo huko magharibi, karibu na makorongo ya jangwani, saa saba za barabara kutoka kwetu Mansfield. Likizo niliiomba tangu Aprili. Orodha ilikuwa imebandikwa kwenye friji: maji, kofia, dawa ya pumu ya Chebet. Nyumba tuliyokodi ilikuwa ya watu wanane, kwa sababu rafiki yangu Joyceline wa Katy alikuwa aje na familia yake. Jumatatu akaghairi. Nafasi ikabaki, vitandani na garini. Naomba hilo likumbukwe.

Mama Siméon aliishika simu kwa mikono miwili. Alitazama picha moja kwa muda mrefu, kuta za mawe mekundu zikipanda juu na anga ikiwa imebaki kijistari cha buluu.

"Hii njo Texas?"

"Ndiyo, mama. Texas hii hii."

"Miaka saba niko huku, sijaona mulima hata moja. Macho inaenda, inaenda, inakosa pa kusimama." Akacheka. "Kwetu Fizi ukifungua mulango, mulima iko pale, inakuangalia. Na mi ningependa kuona ile, hata mara moja, mbele ya kufa."

Chebet akaruka. "Bibi aje na sisi!"

Nami, huku nikitafuta viatu vyangu chini ya kiti, nikasema, "Aki mama, usijali. Ijumaa nitakupitia."

"Vendredi? Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Sisi Wakenya tuna maneno ya kuachana kwa uzuri. Tunaambiana "tutafutane," na hakuna anayemtafuta mwenzake. Tunasema "nitakupigia," "nitakupitia," naye anayeambiwa anajua, anasema sawa, kila mtu anaenda zake. Mama Siméon hakuwa Mkenya. Kambini mtu akikuambia atakupitia, unasimama nje na mzigo wako, kwa sababu lori halirudi.

Sikukusudia kumchukua. Kazi yangu ni kutunza wazee. Wiki nzima nawainua, nawaosha, nawashika mkono kwenda msalani. Nilitaka siku tatu bila mzee yeyote kuniegemea begani. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Ijumaa tuliondoka saa mbili na nusu. Haltom City iko kaskazini, sisi tulikuwa tunaelekea magharibi. Saa tatu na dakika ishirini simu ikaita. Jina lake. Nikaacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Mara ya tatu Kimutai, mume wangu, akanitupia jicho huku akiendesha.

"Si ushike?"

"Ni watu wa kazini," nikasema, nikaigeuza simu, uso chini.

Tukaenda. Watoto wakalala, wakaamka, wakagombana, wakala. Nje hakukuwa na kitu ila visima vya mafuta na joto. Kipimajoto cha gari kilisema digrii mia na tano za Fahrenheit.

Saa nane kamili, tumeshapita Odessa, gari likaanza kulia.

Ting. Ting. Ting.

Ni ile kengele ya mkanda wa usalama, inayolia mtu akikaa bila kujifunga. Kwenye dashibodi ikawaka ile taa nyekundu yenye umbo la mtu aliyekaa. Kiti cha safu ya kati, upande wa kulia, nyuma yangu. Hakikuwa na mtu. Kilikuwa na sanduku la barafu.

"Brandon, hebu toa hilo sanduku," Kimutai akasema.

Brandon akalitoa. Kengele haikunyamaza.

"Hii gari imechoka na joto kama wewe," mume wangu akaniambia, akacheka. Akasimama kando ya barabara, akapapasa chini ya kiti, akapigapiga. Ting. Ting. Mwishowe akauvuta mkanda, akaufunga juu ya kiti kitupu. Gari likanyamaza.

Chebet alikuwa kwenye kiti cha pembeni yake. Nilimwambia aweke mdoli wake pale ili apate nafasi. Akanijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho, kwamba hapo pana mtu.

Sotol Wells mtandao hushika na kuachia. Nilifurahi. Nilizima simu, nikaitia chini ya nguo kwenye begi.

Jumamosi asubuhi tuliingia kwenye korongo. Picha hazikudanganya. Mawe yalikuwa mekundu, yamekatwa kama mkate, na vumbi lake lilishika viatuni likagoma kutoka. Brandon na baba yake walitangulia. Mimi nilibaki nyuma na Chebet, na Chebet hakuwa anatembea mwendo wake. Yule mtoto hukimbia. Siku hiyo alikwenda polepole, hatua moja, anangoja, hatua nyingine. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuinua kidogo kando, vidole vimekunjwa.

"Mbona unatembea hivyo?"

Akasema magoti yake yanauma.

"Magoti yako?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza, angejibu.

Jumapili tulianza kurudi. Kengele ililia kabla hatujatoka uani. Kimutai akaufunga mkanda, na safari hii hakucheka. Nje kidogo ya Midland niliwasha simu. Simu kumi na nne za Siméon. Juu yake, ya Ijumaa saa tatu na nusu, sauti ya WhatsApp kutoka kwa mama yake. Niliiweka sikioni ili watoto wasisikie.

"Mama Brandon, mi niko hapa inje, ku parking. Nimetoka kabisa. Niliona nikibaki ndani mutanipita."

Nikampigia Siméon. Alizungumza taratibu, kama mtu anayesoma. Mama yake alivaa kitenge cha kanisani na ndala zake. Alitoka na begi lake saa mbili, mlango ukajifunga nyuma yake, ufunguo ukabaki ndani. Alikaa kwenye ukingo wa saruji karibu na lango, mahali gari lolote likiingia litamwona. Kivuli kiliisha saa tano. Tania, binti wa jirani, alimpelekea maji, akamwambia, bibi, njoo ukae kwetu. Alikataa. Alisema watu wake wako njiani, hataki wafike wamkose.

Jirani mmoja aitwaye Dady ndiye aliyemkuta, saa kumi, simu yake imekufa kwa joto, haikuwaka tena. Daktari alisema alikuwa amekwisha kufa tangu saa nane.

"Alikuwa anangoja nani, Mama Brandon?" Siméon akaniuliza. "Mi sijui. Wiki yote nilikuwa na zamu mbili, hatukuonana. Tania anasema watu wake. Lakini watu wake ni mimi tu."

Nikamwambia sijui.

Nilimwambia sijui, na nyuma yangu mkanda ukalia kama mtu anapojigeuza kitini.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Nilipika, nikaosha vyombo, nikachanga. Wanawake wa Kikongo walinishukuru. Siméon alinikumbatia.

Kengele haikuacha. Nikienda kazini, ting. Nikienda dukani, ting. Nikifunga mkanda inanyamaza, nikizima gari na kurudi naukuta umefunguka. Nililipeleka kwa Kigen, fundi wa kwetu aliyeko Arlington, mtu wa maneno mengi. Alilikagua siku nzima. Jioni alinipa ufunguo akitazama sakafu.

"Sensa ya kiti ni mbovu?" nikauliza.

"Sensa iko sawa, dada. Inafanya kazi yake."

"Sasa inalia nini?"

"Inalia tu kukiwa na uzito kitini." Akafuta mikono, ingawa ilikuwa safi. "Nendeni mkaombewe. Mimi hiyo gari usiniletee tena."

Kimutai akasema tuliuze. Nikafikiria mama mwingine akilinunua, watoto wake nyuma. Nikasema hapana.

Kisha sauti ikaanza. Haikuwa ya kupiga kelele. Nikisimama kwenye taa nyekundu, injini ikitulia, nasikia pumzi, halafu neno moja, chini kabisa, kwa Kiswahili chao.

"Mulinipita."

Nilikuwa nimesema nitakupitia. Kati ya kupitia na kupita ni herufi moja tu imepungua.

Ijumaa ya pili ya Septemba niliomba ruhusa kazini. Nilimwambia Kimutai ninakokwenda na sababu yake. Hakunizuia. Saa tatu kamili asubuhi niliingia Haltom City, nikasimama mbele ya ule ukingo wa saruji. Kulikuwa na mtu anatoa takataka. Watoto wadogo walikuwa wanapiga mpira ukutani. Nikashuka, nikafungua mlango wa pembeni.

"Mama Siméon," nikasema. "Nimekupitia."

Watoto wakaacha mpira.

Nilingoja. Gari likashuka kidogo upande wa kulia. Kidogo tu, kama mtu mwepesi anapopanda.

Ting.

Nikauvuta mkanda. Haukufika pale ninapoufikisha kila siku. Ulikwama katikati, kwenye kitu laini, nikalazimika kuuongeza urefu. Mikono yangu inaijua hiyo kazi. Nimewafunga wazee wengi mikanda. Nilikaza macho kwenye kile kifungio, sikuinua kichwa. Kikalia tak. Gari likanyamaza.

Saa saba za barabara sikuwasha redio. Nilizungumza. Nilimwambia kweli yote. Kwamba nafasi ilikuwepo. Kwamba simu niliiona. Kwamba nilichoka. Kwamba Siméon aliniuliza nikamwambia sijui. Mara moja tu, tulipoiona milima ya kwanza, ndogo, ya buluu, mbali sana, nilisikia kitenge kikisuguana na kiti. Mtu alikuwa anasogea dirishani.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika. Niliegesha mahali palepale. Nikafungua mlango, nikafungua mkanda, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Mulima ndiyo hii, mama. Shuka uangalie."

Gari likainuka.

Hapakuwa na upepo. Nilikaa juu ya jiwe mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia miguuni. Nikasema pole. Nikasema kwaheri. Nikafunga milango, nikaondoka peke yangu, na kengele haikulia. Nililala Sotol Wells kwenye hoteli ndogo, usingizi mzito, wa kwanza tangu Julai. Asubuhi nikaendesha hadi Mansfield. Kimya. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Nilifika saa tisa alasiri, nimeanza hata kuwaza nitapika nini.

Kimutai alikuja kunipokea begi. Akafungua mlango wa pembeni. Hakulichukua begi.

"Kagendo," akaniita polepole. "Ulirudi na nani?"

Kwenye zulia, mbele ya kile kiti, palikuwa na vumbi jekundu. Nyayo mbili za ndala, ndogo, moja kando ya nyingine, ncha zimeelekea mbele.

Na mkanda ulikuwa umefungwa.

Haukulala juu ya kiti kama unavyolala mkanda usio na mtu. Ulikuwa umesimama mbele yake, umetuna, umekaza, na kati yake na kiti palikuwa na nafasi ya kumtosha mama mmoja mwembamba.

Ndiyo maana gari lilikuwa kimya njia nzima.

Kimutai akasema niufungue. Nimeshika kile kifungio mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara kidole hunikataa. Siméon bado hajui. Ghorofa lile la Haltom City amelihama, na lile korongo mama yake ameshaliona. Nikiufungua huo mkanda, nitamwambia ashukie wapi?