Ufagio wa Somoe

Haya alinisimulia shoga yangu Somoe wa Temeke, enzi za Mwingereza, wala hakuwa mwongo.

Mdogo wake Marijani, baharia, aliizunguka Ulaya kwa miguu, shanta mgongoni, mfukoni hana kitu. Aliporudi, baraza zima likawa lake.

"Kule hakuna hodi, jamani. Nilijifunza kugonga mara tatu na kusema, 'Naomba kulala, hata chini.' Wanafungua!"

Watu wakacheka, Somoe roho ikamuuma. Yeye hata Bagamoyo hajafika.

Marijani akasafiri tena. Sie siku hiyo hatufagii, tusije tukamfutia msafiri njia ya kurudi. Somoe akafagia nyayo zake zote mpaka barabarani.

"Somoe, unafanya nini?" mama yao akapiga kelele.

"Nafagia tu, mama. Si anaipenda Ulaya?"

Mwaka ukapita, barua hakuna. Adhuhuri moja, Somoe akiwa peke yake nyumbani, akasikia ngo, ngo, ngo, kwenye mlango wa stoo.

"Dada, naomba kulala. Hata chini."

Ile stoo ilikuwa giza tupu, haina dirisha. Na komeo lilikuwa limefungwa kwa nje, upande wake Somoe.