Sauti ya Mama Kwenye CD ya Pili

Soko la Ogbete mjini Enugu siku ya Jumamosi halimjui mtoto wa mtu. Utasukumwa, na aliyekusukuma ndiye atakayekutukana. Ndivyo Akunna alivyotupwa mbele ya kibanda cha filamu, gauni lake la njano limekunjamana, mkono ameunyoosha kuchukua CD. Mkono mwingine ukaiwahi.

"Nimeiona kwanza," alisema.

"Macho yako yameiona, mkono wangu umeishika," alijibu kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. "Halafu dada, nani siku hizi ananunua CD?"

"Mbona wewe unanunua?"

"Natafuta cha kuwekea kikombe cha chai."

Akunna hakucheka. "Mama yangu yumo humo."

Kijana, Lotanna kwa jina, aliiachia CD palepale. Ilikuwa sehemu ya pili ya filamu ya zamani, *Bi Harusi wa Umuoka*. Mama yake Akunna aliigiza humo mara moja tu: anamkabidhi bi harusi kikombe cha mvinyo wa mchikichi, akamtafute mchumba wake kati ya wanaume waliokaa, ampe anywe, watu wote wajue kuwa ndiye. Mama huyo alifariki Akunna hajaanza shule. Picha zake zilikuwepo nyumbani. Sauti yake haikuwepo popote ila humo.

"Nisamehe," Lotanna alisema. "Nikununulie okpa?"

"Ya moto?"

"Ikiwa baridi nitupie usoni."

Akunna akacheka. Mapenzi yakaanza hapo, kwenye okpa ya njugu mawe, majani ya mgomba na vidole vyenye mafuta. Jioni ile Akunna alidondosha tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye CD ile, isije ikachanganyika na nyingine.

Lotanna alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: punguzo la bei. Kulipia filamu za mtandaoni kila mwezi aliona ni kupanga nyumba usiyoimiliki. CD aliona ni mzigo na vumbi. Yeye alinunua filamu za kuweka kwenye simu, siku zile zinapouzwa bei ya kutupa, na wimbo wake ulikuwa mmoja: ukishanunua, ni yako. Siku moja baada ya kumsaidia Akunna kuhama chumba, alimpigia simu saluni alikokuwa akisuka.

"Mpenzi, umekula?"

"Bado. Nina kichwa cha mtu mkononi."

"Kiache kidogo. Fungua simu yako, nimekutumia kitu."

Akafungua. Mama yake akamtazama, amevaa shanga nyekundu za harusi. Akunna alipiga kelele mpaka mteja akashtuka.

"Lotanna! Umemtoa wapi?"

"Nimemnunua kwa bei ya bajia ya akara! Sasa utatembea naye. Na lile katoni la CD lililokuwa linakula nafasi yako, nimelipeleka kwa shangazi Ugoye. Liko salama."

Hilo la salama lilikuwa uongo. Shangazi Ugoye alilima mpunga Abakaliki, na ndege wa kule hawaogopi sanamu ya mtu. Wanachoogopa ni CD zinazometameta juu ya kamba. Alikuwa ameomba CD kuukuu, na mpwa wake akampa katoni zima.

Miezi ikapita, posa ikapokelewa, siku ya kubeba mvinyo, ndiyo harusi yenyewe, ikakaribia. Akunna alikuwa na ombi moja. Atakaposhika kikombe, sauti ya mama yake isikike kwenye vipaza sauti, kama vile mama mwenyewe ndiye anayemtuma. Fundi muziki akamwambia alete filamu. Akafungua simu. Mama hayupo. Palikuwa na maneno tu: filamu hii haipatikani tena.

Aliwaandikia wauzaji. Wakajibu kwa adabu kwamba wenye filamu wameiondoa, na kwamba alichonunua ni ruhusa ya kuitazama muda wote itakapokuwepo. Akampigia Lotanna, analia.

"Wamemchukua mama yangu!"

"Nani?"

"Filamu imeondolewa! Lakini si kitu, si kitu. CD ipo. Twende kwa shangazi yako leo hii."

"Nyumbani kwake hazipo," alisema Lotanna.

"Ziko wapi basi?"

"Ziko shambani."

"CD zinafanya nini shambani?"

"Zinafukuza ndege."

Akunna alikaa chini, palepale sakafuni.

"Umemtundika mama yangu juani afukuze ndege? Na ukaniambia yuko salama?"

"Nkem, nisikilize..."

"Usiniite nkem! Mimi si wako tena. Waambie watu wako wasije."

Akakata. Lotanna alipiga simu mpaka kidole kikauma, haikupokelewa. Kulipokucha alikuwa njiani kwenda Abakaliki.

Vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, lilikuwa limetanda, na shamba zima liling'aa kwa CD zikizunguka kwenye kamba. Maandishi yalikuwa yameliwa na jua. Akaingia kwenye tope la majaruba ya mpunga na viatu vyake, akigeuza moja moja.

"Wewe mtoto una wazimu?" shangazi alifoka. "Ukishusha hizo, ndege watakula jasho langu!"

"Wakila mpunga nitakununulia, shangazi. Akunna nitamnunua wapi?"

Alitafuta analia, wala hakujificha. Nyingine zilikuwa zimeshaanguka, zimekanyagwa. Alikuwa amekata tamaa, anarudi nyuma kwa nyuma, ndipo alipoona tone jekundu. CD ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Akaifunga kwenye shati lake.

Nyumbani kwa kina Akunna huko Enugu, baba yake na baba zake wadogo walikuwa wamekaa kujadili namna ya kurudisha posa. Lotanna hakuthubutu kuingia. Alimpa mzee CD mlangoni, akabaki barazani.

Umeme haukuwepo, jenereta likawashwa. Mzee akatia CD kwenye deki. Picha ikarukaruka, ikaganda, ikaruka tena. Kisha akatokea mama mwenye shanga nyekundu, kikombe mkononi.

"Nenda, mwanangu. Usiogope."

Picha ikanasa.

"Usiogope," mama akasema tena. "Usiogope. Usiogope."

Kikombe hakikumfikia bi harusi. Mzee akachukua rimoti, machozi yakimtoka.

"Usizime, baba," Akunna alisema.

Alilia mpaka akatosheka. Kisha akainuka, akamimina mvinyo kutoka kwenye kibuyu cha baba yake, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Baba mdogo, kwa mazoea ya sherehe, akaita kwa sauti iliyokwaruza, "Binti, lete huku! Mimi ndiye!" Mwingine akasema ana kiu tangu jana. Akunna akawapita wote, akatoka barazani, akapiga magoti mbele ya mtu mwenye tope mpaka magotini.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Kunywa."

Lotanna akanywa mpaka tone la mwisho, na ndani mama alikuwa bado anamwambia binti yake asiogope.