Mama Hajalala

Kila asubuhi kabla ya shule, Makena alichota maji bombani, akachemsha chai, kisha akafungua mlango wa chumba chao mtaani Bulla Pesa kiasi cha kupitisha mkono tu. Tangu mama yake ajifungue, majirani wa ploti walikuwa wakimletea uji na maziwa. Makena alipokea, akashukuru, akasema, "Mama amelala."

Mama hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani akikodolea macho ukuta, mtoto akilia kando yake kama analia katika nyumba ya wengine. Uji uliganda kikombeni. Mara nyingine Mama aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani amesimama pale?" Makena akigeuka, haoni mtu. Hakumwambia mtu. Baba alikuwa Moyale na gari la miraa, na kule bombani Makena alikuwa amewasikia wanawake wakisema kwamba mzazi wa namna hiyo amepandwa na shetani, na hunyang'anywa mtoto wake.

Jirani aliyemsumbua zaidi ni Mama Jillo, Mborana. Kwao, mzazi haachwi peke yake mpaka siku arobaini za uzazi ziishe.

"Mama yako analala kuliko paka wa buchari," alisema asubuhi moja, ameshika maziwa ya ngamia. "Nimekuja kukaa na yeye, si kukaa na mlango."

"Kesho, Mama Jillo."

"Kesho yako haifikangi, msichana." Akaenda zake akicheka.

Makena aliporudi ndani, alimkuta Mama amemvika mtoto nguo safi zote na kumviringisha shuka.

"Mpeleke kwa mtu," alisema polepole. "Yule pale anasema mimi si mama yake. Nikitoka leo, sirudi."

"Unaenda wapi, Mama?"

Mama aliinama chini ya kitanda. Alikuwa akitafuta viatu.

Makena alimkumbatia mtoto. Akiita watu, huenda wakamchukua mdogo wake. Asipoita, Mama anaondoka. Akafungua mlango wote.

"Mama Jillo, rudi. Mama hajalala. Amekaa siku nyingi bila kulala. Nimekuwa nikikudanganya."

Mama Jillo aligeuka, akarudi. Aliingia, akaketi karibu na Mama hadi magoti yakagusana. "Niko hapa," alisema. "Hakuna mtu anatoka peke yake." Mama alipokunywa maziwa kidogo, waliita tuktuk, wakaenda wote hospitali.

Muuguzi Akidor hakumcheka Mama wala hakutaja shetani. "Ni ugonjwa," alisema. "Huwapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua. Unatibika." Mama alilazwa, akapewa dawa, na mtoto akabaki naye.

Aliporudi nyumbani bado alikuwa mnyonge. Kuna saa alitulia ghafla kama anayesikiliza kitu. Lakini sasa mtoto akilia, alimnyanyua.

"Ungejua mapema, si ungesema ana shetani?" Makena alimuuliza Mama Jillo walipokuwa wakifua nepi.

"Pengine ningesema. Hata mimi nilikuwa sijui." Mama Jillo alikamua nepi. "Lakini ningesema nikiwa nimekaa na yeye. Mgonjwa wa mawazo hafichwi, Makena. Ukimficha, unamfungia ndani pamoja na ule ugonjwa. Mwambie mtu mzima. Na wa kwanza akikataa kusikia, mwambie mwingine."